Maneno Niliyoyafua

Sharon na wenzako wa chumba cha faili, siku ya kuniaga mlininunulia keki iliyoandikwa kwa krimu ya waridi: "Hapi Ritayament Madam." Mwokaji alikuwa kijana wa Kayole, na nilimwona mkurugenzi akiikodolea macho keki ile kana kwamba imemtukana. Ninyi mkaona aibu, mkataka kuikata haraka kabla sijavaa miwani. Mimi nilikuwa nimeshaisoma na nilikuwa nacheka rohoni. Miaka yote niliyofanya kazi nimeandika Kiingereza namna ile ile ya mwokaji, kwa mshahara, na hakuna aliyejua kwa sababu hakuna aliyeweza kukisoma.

Mliniomba niandike machache kuhusu kazi yangu ya usekretari, hasa hati mkato, ambayo mnaiona kama uchawi. Ya vyeo na mshahara mtayakuta kwenye faili langu, na faili liko kwenu. Mimi nitaandika yale ambayo faili halina, na nitamaliza na kosa moja ambalo nililigundua nikiwa tayari nimestaafu, wakati lilikuwa karibu kumtoa mwanamke mzima mahali pake.

Nilisomea hati mkato kwenye chuo kidogo kilichokuwa juu ya duka la viatu, si mbali na Gikomba. Ngazi zilikuwa za mbao na zilipiga kelele, kwa hivyo mchelewaji alijulikana kabla hajafika mlangoni. Siku ya kwanza mwalimu aliingia, akatutazama wasichana ishirini tuliokaa na penseli mikononi, akasema, "Sahauni spelingi." Nilitaka kulia kwa furaha. Shule ya msingi nilichapwa sana kwa ajili ya tahajia ya Kiingereza. Mtoto aliyezoea Kiswahili anajua kwamba herufi ikiandikwa inafanya kazi. Kumbe kwa Kiingereza kuna herufi zimekaa tu katikati ya neno kama koti la karani kwenye kiti: koti lipo, mwenyewe hayupo. Neno lao la usiku pekee lina makoti mawili. Mwalimu alituambia kwamba katika hati mkato tunaandika sauti, basi. Herufi isiyosema kitu haipewi kiti.

Ilikuwa uhuru mtupu, mpaka tulipofika kwenye taipureta. Huko tulitakiwa kuyarudisha makoti yote, kila moja kwenye kiti chake. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Asubuhi naondoa, mchana narudisha.

Ofisini nilipokelewa na Bi Adhiambo, mkuu wa makarani wa taipu, mwanamke mnene wa kutoka Siaya aliyevaa miwani mbili, moja usoni na nyingine kichwani. Hakunisalimu. Alichukua penseli yangu, akaichonga na upande wa pili, akanirudishia.

"Ikivunjika unageuza," alisema. "Hapa hakuna kumwambia mkubwa angoje."

Kisha akanipa daftari la kwanza na masharti mawili. Sharti la kwanza lilikuwa la kufua. "Wewe msichana, ukishaandika yale wamesema, unayafua kabla ya kupiga taipu. Mkubwa akisema dereva ni ng'ombe, unaandika dereva ametakiwa kujieleza. Wakikaa saa tatu wakigombania kiti, unaandika mjadala wa kina ulifanyika. Wakubwa hawasemi upuuzi. Wanatoa maoni."

"Na sharti la pili?"

"Daftari halichomwi kabla aliyesema hajafa."

Nikauliza kwa nini. Akanitazama kupitia miwani ya usoni, kisha akashusha ile ya kichwani akanitazama tena. "Kwa sababu mtu aliye hai hubadilisha maneno yake. Marehemu ametulia."

Nilimwogopa miaka miwili, halafu nikampenda. Aliniambia nilikuwa na mikono mizuri ya kufua, na kwa Bi Adhiambo hiyo ilikuwa sifa ambayo mtu angeandikiwa hata kwenye wasifu wake. Mkutano ungeweza kuanza kwa matusi na kumalizika kwa mtu kutupa kikombe, na kesho yake karatasi yangu ikatoka safi, imepigwa pasi, imekunjwa. Niliona fahari. Naomba mlikumbuke hilo, kwa sababu ndilo lililoniponza.

Kesi yangu ngumu ofisini ilikuwa Bwana Wekesa, bosi niliyemtumikia kwa muda mrefu kuliko wote. Alikuwa mtu mwema lakini aliongea kwa kasi ya treni iliyokosa breki, na alipochoka Kiingereza aliingia Kibukusu bila kupiga honi. Hata hivyo vita vyake vikubwa havikuwa na mimi. Vilikuwa na kompyuta. Ilipokuja ofisini, ilikuwa na tabia ya kuchora mstari mwekundu chini ya maneno yenye herufi u ambayo Waamerika waliiona haina kazi wakaifukuza. Bwana Wekesa aliamini kwamba kompyuta inamtukana.

"Mwikali, hii herufi nilichapwa viboko vitatu kwa ajili yake," aliniambia. "Vitatu! Darasa la tano, mbele ya wasichana. Sasa mashine inaniambia haihitajiki?"

Kuanzia siku hiyo kila barua iliyotoka ilipita mezani kwake, naye akairudisha ile u kwa kalamu ya wino mahali popote ilipotolewa. Mtu angepokea barua ya serikali yenye mhuri na katikati u imening'inia kwa mkono kama nguo kwenye kamba. Niliwahi kumwambia kwamba nilisoma gazetini kuhusu wasomi wa Uingereza waliotaka kunyoosha tahajia yao zamani, iandikwe kama inavyotamkwa, wakashindwa. Aliwaza kidogo, akasema, "Walishindwa kwa sababu waliunda kamati."

Kisha zikaja simu, na bila kamati yoyote ninyi mkamaliza kazi ile kwa vidole gumba. Sharon, barua pepe yako ya kwanza kwangu nimeihifadhi: "Hae Madam pliz nko kwa jam ntakam 10." Bwana Wekesa aliiona begani kwangu akaketi chini. Mimi niliisoma mara mbili kwa heshima. Umeondoa makoti yote! Sisi tulilipia karo miezi kumi na minane kujifunza jambo hilo. Lakini saa nne ilifika na hukukam, na hilo nalo nimelihifadhi.

Sasa nije kwenye kosa.

Mtaani kwetu, kando ya Jogoo Road, kuna ukumbi wa wakazi, wa mawe na mabati. Unaendeshwa na kamati. Mimi nilikuwa katibu wa kamati hiyo tangu binti yangu Ndinda akinyonya, kwa kuwa mtu akijulikana anajua kuandika haraka mtaani hapumziki tena. Mikutano ilikuwa Jumamosi alasiri. Kumbukumbu zilipaswa kuwa za Kiingereza kwa sababu nakala ilipelekwa kwenye ofisi fulani ambayo haikupokea karatasi isiyo ya Kiingereza. Karatasi ya Kiingereza pia haikuisoma, ila iliipokea.

Mwenyekiti wa siku hizo aliitwa Zakaria Musyoka, lakini mtaa mzima ulimwita Zaki. Alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, kijana mrefu mwenye mashati yaliyofunguliwa vifungo, na alichaguliwa kwa sababu ndiye aliyeweza kusikika juu ya kelele za mashine yake mwenyewe. Zaki hakujua lugha nyingine ila Sheng, tena ile ya mtaa wetu, ambayo watu wa Majengo walidai hawaielewi. Mimi nimekulia Machakos. Nusu ya aliyosema sikuielewa kabisa. Niliandika sauti tu, kama mwalimu alivyotufundisha, na baadaye nikamuuliza jirani maana, kisha nikafua.

Jumamosi moja alikuja Mama Nafula, mwanamke wa kutoka upande wa Bungoma, aliyekuwa akilea watoto wa mama wanaouza nguo Gikomba. Mama hao hutoka kabla ya jua, na mtoto mchanga hawezi kukaa sokoni. Alikuwa akiwalea katika nyumba yake ya chumba kimoja na watoto walikuwa wamejaa mpaka chini ya kitanda. Aliomba chumba cha nyuma cha ukumbi. Zaki alisimama akampa. Watu wakapiga makofi, Mama Nafula akalia, tukanywa soda. Jumatatu yake Mama Nafula alihamia na mikeka yake, na yumo humo mpaka leo. Watoto aliowalea wa kwanza sasa wanamletea watoto wao.

Mwezi wa pili wa kustaafu kwangu, nikiwa bado naamka saa kumi na moja na kuvaa viatu vya ofisini bila sababu, Mama Nafula alibisha hodi mlangoni kwangu na barua mkononi. Ana miaka sabini na kitu sasa. Barua ilitoka kwa kamati mpya. Ilimtaka aondoke mwisho wa mwezi, chumba kigeuzwe jimu ya mazoezi ya vijana, kwa kuwa faili halionyeshi kwamba aliwahi kupewa.

"Mama Ndinda, wewe ulikuwa hapo," alisema. "Nilikuona. Ulikuwa unaandika."

"Nilikuwa naandika, mama."

"Basi waambie kile uliandika. Mimi nikitoka, hawa watoto nitawapeleka wapi? Na mimi mwenyewe nitaenda wapi asubuhi?"

Nilivaa sweta nikaenda kwa katibu mpya, kijana anayeitwa Brayo, ambaye ni mtoto wa huyo huyo Zakaria. Nilikwenda kwa madaha, nawaambia ukweli, kwa sababu nilijua kumbukumbu za siku ile nilizipiga taipu mimi mwenyewe. Brayo ni kijana mstaarabu. Alinipa kiti, akafungua faili, akanigeuzia ukurasa. Ulikuwa ukurasa mzuri. Hakukuwa na kosa hata moja la taipu, na pambizo zilikuwa sawasawa. Kuhusu Mama Nafula ulisema, kwa Kiingereza cha kupigwa pasi, kwamba Mwenyekiti alipokea ombi la mkazi huyo na akaahidi kwamba suala lake litafikiriwa kwa huruma.

"Madam, soma mwenyewe," alisema Brayo. "Litafikiriwa. Haisemi amepewa."

Alikuwa na haki. Niliusoma mara tatu, na kila mara nilisikia masikio yakiwaka. Sikuwa nimesahau kilichosemwa. Nilikumbuka hata nilivyokaa mbele ya taipureta Jumapili, siku iliyofuata mkutano, nikiyatazama maneno ya Zaki na kutafuta Kiingereza chake cha ofisini. Hayakuwa na Kiingereza cha ofisini. Yalikuwa makavu mno, na ndani yalikuwa na habari za kufa, na Bi Adhiambo hakuruhusu mtu afe kwenye kumbukumbu. Kwa hivyo niliyasugua na kuyasugua mpaka rangi yote ikatoka, na ahadi ikatoka na rangi. Niliona aibu kuliko siku niliyochapwa shuleni.

Nilimwendea Zakaria mwenyewe. Siku hizi ni mzee wa kanisa, anavaa tai hata akienda kununua maziwa, na anaongea Kiswahili cha taarifa ya habari. Vijana wakipita wakibonga Sheng, yeye huwapigia kelele, "Lugha! Lugha!" Alinikaribisha vizuri, akanisikiliza, akakunja mikono.

"Dada Mwikali, ni zamani sana," alisema. "Sikumbuki nilitamka nini. Mimi huheshimu maandishi. Na wewe ndiwe uliyeandika."

Hapo hata chai ilinishinda.

Nyumbani nilivuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda. Sijawahi kuchoma daftari, kwa sababu ya sharti la Bi Adhiambo, na Zaki alikuwa hajafa, ingawa aliyebaki alikuwa Mzee Zakaria. Nilitafuta mpaka mgongo ukauma. Madaftari ya ofisini sikuweza kuyasoma. Kiingereza nilikuwa nakijua mno, nikakikatakata mpaka kikabaki vijiti. Kwenye ukurasa mzima wa Bwana Wekesa nilitambua "chai" na "Ijumaa" tu. Lakini nilipofungua daftari la kamati nilishtuka. Lilisomeka lote. Maneno ya Zaki sikuwa nayajua, na neno usilolijua huwezi kulikata, kwa hivyo nilikuwa nimeandika kila sauti yake, kila irabu mahali pake. Kazi yangu ya uaminifu kuliko zote ilikuwa maneno ambayo sikuyaelewa.

Mkutano uliitwa Jumamosi alasiri. Ukumbi ulijaa. Mama wa Gikomba walifunga biashara mapema wakaja na watoto migongoni, na vijana wa jimu wakasimama nyuma. Zakaria alikaa mbele na tai yake, kando ya wazee wenzake wa kanisa. Brayo alisoma ukurasa wangu safi, kisha akauliza kama kuna mwenye neno.

Nilisimama. "Kumbukumbu hizo niliziandika mimi," nilisema, "na si za kweli."

Watu wakanong'ona. Kwa mtu ambaye maisha yake yote amejisifia karatasi safi, hapo palikuwa pagumu. Niliwaeleza habari ya kufua. Kisha nikainua daftari na kuwaambia kwamba hili ndilo lenye nguo kabla hazijafuliwa.

"Hiyo ni michoro ya minyoo, Madam," alisema kijana mmoja nyuma.

"Ni minyoo inayosema," nikamjibu, nikaanza kusoma, polepole, sauti moja baada ya nyingine. "Mathe, skiza. Hii rum ya nyuma ni yako. Leta hao watoi wote. Wewe ndio odijo wao."

"Odijo ni nini?" aliuliza Brayo.

"Ni mwalimu," mzee mmoja wa kanisa alidakia, kisha akakohoa na kutazama dari.

Vijana walianza kucheka. Walikuwa hawajawahi kusikia Sheng iliyozeeka hivyo. Nikaendelea. "Msee akikuletea noma, mwambie acheki na Zaki. Hata sanse wakikam, usihepe."

"Sanse ni polisi!" mke wa Zakaria alipiga makofi akasimama. "Ni yeye! Huyo ni yeye kabisa! Mwaka alinioa alikuwa anaongea hivyo hivyo!"

Ukumbi ulilipuka. Kijana mmoja alikaa sakafuni kwa kicheko. Brayo alimtazama baba yake kana kwamba anamwona mara ya kwanza. "Fathee! Lugha!" alisema. Zakaria alikuwa amekunja mikono na shingo imekuwa ngumu ndani ya tai, na niliogopa kwamba nimemwaibisha mbele ya kanisa lake na kwamba sasa atakana kila kitu.

Nilirudi kwenye daftari kumalizia. Uliobaki ulikuwa mstari mmoja, ule niliosugua Jumapili ile. "Ni yako mpaka," nilisoma, kisha nikainua macho nikamwona Mama Nafula ameketi mstari wa mbele na kitambaa chake cheupe, mtoto wa watu amelala mapajani, naye mama ana miaka sabini na kitu. Ulimi ulilikataa neno la kufa. Miaka yote hiyo na bado mkono wangu ulikuwa unatafuta sabuni.

Nikasikia kiti kikiburutwa. Zakaria alikuwa amesimama. Alilegeza tai, akaivua, akaitia mfukoni.

"Mpaka udedi, mathe," alisema, kwa sauti ile ya kushinda mashine. "Na Zaki akibonga, amebonga."

Maneno hayo ya mwisho sikuwa nimeyasoma. Yalikuwa kwenye daftari, chini kabisa, vile vile alivyoyasema.

Mama Nafula hakulia safari hii. Alimtazama Zakaria, akamtazama Brayo, akamwamsha mtoto kidogo kwa kumweka begani. "Basi mungoje," alisema. "Sina haraka ya kudedi."

Brayo alifunga faili akasema jimu itatafutiwa pahali pengine, na mama wa Gikomba wakapiga vigelegele mpaka mabati yakaitika. Kisha akakumbuka kwamba hakuna aliyekuwa akiandika kumbukumbu za mkutano wenyewe, na akanisogezea karatasi. Nilichonga penseli pande zote mbili. Nilipokuwa naandika, Mama Nafula alikuja akasimama nyuma yangu, mtoto begani, akiitazama michoro asiyoweza kuisoma.

"Mama Ndinda, umeandika?"

"Nimeandika."

"Umeandika vile amesema?"

"Vile vile, mama."

"Na udedi iko?"

Nikamwonyesha kwa ncha ya penseli. "Hii hapa."